Bata mzinga mzima kwenye mafuta: adui yako ni maji

Mkuu umeuliza kama bata mzinga wa kilo 6 anaweza kukaangwa mzima kama wanavyofanya Wamarekani, na kama hayo mafuta yatafaa tena kwa chipsi. Yote yanawezekana. Mimi nakaanga samaki na kuku wa biashara hapa Tabata mwaka wa tisa huu, bata mzinga nimekaanga wawili, na wa kwanza nusura atuchomee nyumba kwa hiyo naomba unisome taratibu.

Ilikuwa Krismasi, tulimtoa kwenye friza jana yake usiku, asubuhi ukimbonyeza yuko laini kabisa tukajua tayari. Nilivyomshusha tu mafuta yakapanda kama maziwa yanavyofurika, yakamwagikia jiko, moto ukaruka mpaka dari ya kibaraza. Kumbe tumboni kulikuwa na donge la barafu kama ngumi. Shemeji akakimbilia ndoo ya maji, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka, maana maji yakigusa mafuta ya moto yanageuka mvuke na kutanuka karibu mara 1,700 palepale, yanarusha moto kila upande. Nilifunga gesi kwenye mtungi, tukafunika sufuria na sinia la bati, ukazima wenyewe. Ile dari ni nyeusi mpaka leo.

Kwa hiyo wa kilo 6 mpe siku tatu nzima kwenye friji (siyo friza), ingiza mkono tumboni uhakikishe hakuna barafu, halafu mfute na kitambaa kikavu nje na ndani, chini ya mabawa na shingoni pia. Malimao na maji ya tangawizi achana nayo siku hiyo, mpake chumvi na viungo vikavu tu.

Kujua mafuta kiasi gani, muweke kwenye sufuria akiwa bado hajafutwa, mimina maji mpaka afunikwe, mtoe, weka alama maji yalipoishia, ndipo ukaushe kila kitu. Wakati bata yuko ndani, juu ya maji ibaki nafasi ya kutosha mpaka mdomo wa sufuria, kiganja kizima hivi. Kaangia uwanjani penye udongo, mbali na ukuta na watoto. Mafuta yafike nyuzi 175, zima moto kabisa, mshushe polepole, ndipo uwashe tena. Hesabu dakika 7 mpaka 8 kwa kilo, na paja karibu na mfupa lisome 74. Kipima joto cha jikoni ni lazima, usikisie kwa macho.

Mafuta chukua yaliyosafishwa ya dukani. Ile alizeti ya kukamua ya Singida ni tamu kwenye mboga lakini inatoa moshi mapema mno, haifai kazi hii.

Sasa kuyatumia tena, hapo ndo watu wengi wanaharibu. Yaache yapoe, chuja kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara mbili, na ile tope ya chini usiimimine, ndiyo ina maji na makombo yanayounguza mafuta mara ya pili. Dumu liwe kavu kabisa, lifunge, weka gizani, na ukiwa na nafasi kwenye friji ndo bora zaidi. Mimi mafuta ya kuku nayarudia mara tatu, ikizidi sana nne, ya samaki hayarudi kwenye kitu kingine. Ukiona yamekuwa mazito, yanatoa povu dogo dogo lisiloisha, au moshi unaanza kabla hujatia kitu, mwaga. Kuongezea mafuta mapya juu ya yaliyochoka usifanye kabisa, najua vibanda vingi wanafanya hivyo lakini yale ya zamani yanaharibu na mapya, na mteja ndiye anayekula. Na usimwage kwenye sinki, yanaganda kwenye bomba.

Ukishapima maji kwenye sufuria yako niambie yameingia lita ngapi, nikukadirie ununue mafuta kiasi gani.