Wanafunzi Wangu Huandika Wasichokiona

SWALI: Ninafundisha Kemia katika shule ya sekondari wilayani Ilemela, Mwanza. Kila tunapofanya jaribio la kutambua chumvi, wanafunzi wa kidato cha tatu huandika "kaboni dayoksaidi imetoka" katika safu ya mambo yaliyoonekana, na safu ya makisio huiacha wazi. Maana ya kuona na ya kukisia wameikariri, lakini kosa ni lilelile. Nifanyeje?
Mwalimu, Ilemela

JIBU: Mwalimu mwenzangu, kosa hilo nimelisahihisha kwa miaka mingi na silihesabu kuwa uvivu, kwa sababu mwanafunzi akishalijua jibu, jicho lake huliona jibu hilo hata pale ambapo halipo. Kaboni dayoksaidi haina rangi wala harufu, hivyo hakuna aliyeiona. Yaliyoonekana ni mapovu, kisha maji ya chokaa yakageuka meupe kama maziwa gesi ilipopitishwa humo.

Ningeziacha chupa za asidi kwa siku moja, nikawapeleka wanafunzi ufukweni, mahali wanapoweza kulitazama Jiwe la Bismarck au miamba mingine iliyochomoza majini, waandike wanachokiona tu kwa dakika kumi. Wengi watautaja weupe uliopo juu ya mawe. Mmoja ataandika kwamba maji yaliwahi kufika pale, mwingine kwamba ni kinyesi cha ndege, na hapo ndipo somo linapoanza, kwani wote wawili wameona kitu kimoja na kila mmoja ana sababu yake: Ziwa Victoria hupanda na kushuka, lilipungua sana mwaka 2006 na mwaka 2020 likafurika hadi kuingia katika nyumba za watu wa pwani, nao ndege waitwao mnandi hushinda juu ya mawe hayohayo. Usiwape jibu. Waulize watazame nini ili kuyatenganisha makisio hayo mawili, mpaka mmoja wao aone mwenyewe kwamba alama ya maji ingelizunguka jiwe kwa usawa mmoja, ilhali kinyesi huanzia kileleni na kuchuruzika kwenda chini. Kukisia vizuri humrudisha mtu kutazama tena, na hilo fasili ya ubaoni haiwezi kulifundisha.

Mkirudi darasani, anzeni na magadi ya sokoni na maji ya ndimu. Mapovu yatatoka mara moja. Katika safu ya makisio mwanafunzi aandike "huenda kuna kabonati au haidrojeni kabonati", yaani chumvi zinazotoa kaboni dayoksaidi zikikutana na asidi, na neno "huenda" lisiachwe. Magadi yana vyote viwili, kwa hiyo atakayetaja kimoja tu atakuwa amesema zaidi ya yale aliyoambiwa na mapovu.

Katika kusahihisha, kila sentensi ya safu ya kwanza iulizwe swali moja: umelijua hili kwa mlango upi wa fahamu, jicho, sikio, pua au ngozi? (Kuonja ni marufuku maabara.) Sentensi isiyo na mlango usiikate kwa wino mwekundu, kwa kuwa mara nyingi wazo lenyewe ni sahihi, ichoree mshale wa kuihamishia safu ya makisio, kisha mwache mwanafunzi ajaze mwenyewe, pale ilipotoka, kile alichokiona hasa.