Mwambie Daktari Ulipata Presha ya Mimba, Hata Kama Mtoto Yuko Sekondari

Nikiingia kwa daktari siku hizi, hata kama kilichonipeleka ni jino, natanguliza hili: "Mimba yangu ya kwanza nilipata presha, na mkojo ulikuwa na protini. Nilizalishwa kabla ya miezi kutimia." Kuna anayeniangalia kama nimekosea chumba. Naendelea tu, na nahakikisha ameandika.

Nasema mwenyewe kwa sababu ni nadra mtu kuniuliza. Kule wodini nilikuwa mgonjwa kwelikweli: sindano ya magnesiamu, ile ya kuzuia kifafa cha mimba, ikiingia unahisi moto unatambaa kutoka kifuani mpaka usoni, nesi anakugonga goti na kukuhesabia pumzi. Tukaruhusiwa, na kuanzia hapo kliniki ikawa ya mtoto. Anapimwa uzito, anachomwa chanjo, kadi inajazwa, "haya mama, mpaka mwezi ujao." Mama kasimama pale na khanga begani, mkono wake haujaguswa na mkanda wa presha tangu atoke wodini.

Tuliambiwa dawa ya ugonjwa huu ni kujifungua. Kwa mimba yenyewe ni kweli kwa sehemu kubwa, ingawa presha inaweza kupanda tena siku za mwanzo baada ya kuzaa, na hata kifafa kikaja wakati huo. Ila moyo na mishipa ya damu havisahau haraka hivyo. Mwaka 2007 jarida la BMJ la Uingereza lilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi: waliowahi kupata tatizo hili walikuwa na uwezekano wa karibu mara 4 wa kupata presha ya kudumu baadaye, na karibu mara 2 wa ugonjwa wa moyo au kiharusi, ukiwalinganisha na wasiolipata. Hatari huzidi kwa aliyelazimika kuzalishwa mapema, au aliyerudiwa mimba nyingine. Haina maana kwamba lazima yatukute. Ina maana tusikae bila kupima.

Basi pima, angalau mara moja kwa mwaka. Mimi napima mwezi aliozaliwa mwanangu ili nisisahau. Kama wako bado mchanga, tumia siku zake za chanjo: "Dada, naomba na mimi unipime presha." Kaa kwanza dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, usipige soga. Na mkono uwe wazi. Mkanda ukifungwa juu ya dera, hayo ni majibu ya dera. Ikisoma 140/90 au zaidi siku tofauti, mwone daktari; usisubiri kichwa kiume, maana presha nyingi hazina dalili yoyote. Sukari na lehemu (kolesteroli, mafuta ya kwenye damu) navyo vipimwe mara kwa mara.

Chumvi ilinipa kazi, mtu wa Tanga niliyelelewa kwa papa mkavu. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hapo imo ya kwenye mkate na vikolezo vya pakiti. Papa sasa namlowesha usiku kucha na simwongezei chumvi. Mazoezi yangu ni kutembea, basi.

Kwenye uzazi wa mpango wengi hawaambiwi: vidonge vyenye homoni ya estrojeni vinaweza kupandisha presha, na kama tayari unayo, kwa kawaida havikufai. Uliza kuhusu vijiti au kitanzi. Ukitaka mimba nyingine, nenda kabla hujashika. Aspirini ya dozi ndogo hupunguza uwezekano wa kurudiwa, ila huanzwa mapema, kabla ya wiki ya 20, na daktari ndiye anayekuandikia. Na kama unatumia dawa za presha kama losartan au lisinopril, hizo humdhuru mtoto tumboni. Usikatishe mwenyewe, nenda ubadilishiwe.

Aliyejifungua miezi michache iliyopita na sasa anahema kwa hatua chache, hawezi kulala bila kurundika mito, na miguu inavimba upya, aende hospitali leo hii. Misuli ya moyo inaweza kudhoofika kipindi hicho. Ukiambiwa ni uchovu wa kunyonyesha, taja ile presha ya mimba na uombe moyo upimwe.