Usimalize kila kitu kwa "hold"

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa ripoti ya mradi wa afya niitafsiri kwa Kiingereza. Palikuwa na mama aliyeketi nje ya maabara akisubiri majibu ya mwanawe, na ripoti ikasema alikuwa "amemshikilia mtoto kwa nguvu". Nikaandika: The mother gripped her child. Kazi ikarudi na swali pembeni: mtoto alitaka kukimbia, au mama alikuwa anamwadhibu? Iliniuma. Hofu ya yule mama ndiyo niliyotaka imfikie msomaji, nami nimemfanya aonekane mkali.

Tangu hapo vitenzi vya Kiingereza vya kushika sivipiti hivi hivi, wala simalizi kila kitu kwa hold. Ukifungua kamusi utakuta shika, kamata na shikilia zikirudiwa kwa grip, clutch, cling, grasp na wenzao, na mwanafunzi anabaki akidhani kwamba lolote atakalochukua litafaa. Ninachokushauri ni kuuangalia kwanza mwili wa huyo anayeshika. Anatumia vidole, kifua, au mwili mzima? Na anaogopa nini?

Grip ni nguvu ya vidole na kiganja. Konda aliyesimama kwenye ngazi ya daladala, gari linakata kona, mkono mmoja umekaza bomba la mlangoni: he grips the rail. Anataka bomba lisimponyoke, basi. Ndiyo maana hata tairi lisiloteleza husemwa kuwa lina grip nzuri. Na ndiyo maana sentensi yangu iliharibika, kwa sababu mtoto nilimshika kama bomba.

Clutch mara nyingi hubeba hofu ya kupoteza. Mfikirie bibi aliyefunga pesa kwenye pindo la kanga, amebanwa katikati ya basi lililojaa. Mkono wake hautoki kwenye lile fundo, na kila anayemgusa bega anamfanya alivute karibu zaidi na tumbo. Hapo ndipo pa clutch. Lakini ukiiongezea at, mambo yanabadilika: clutch at ni kujaribu kukamata, vidole vinatafuta na kitu huenda kisipatikane. Waingereza husema mtu aliyeishiwa tumaini is clutching at straws, anarukia mabua. Sisi tunasema mfa maji hukamata maji.

Cling ndiyo inayowaponza wengi, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Haihitaji mkono hata kidogo. Nguo iliyolowa mvua clings to the body, na moshi wa kuni clings to your hair hata baada ya kuoga. Mtoto siku ya kwanza ya chekechea hung'ang'ania kwa mikono, kwa miguu, uso ameuficha kwenye gauni la mama: he clings to her. Ukitaja kinachong'ang'aniwa, tumia to. Na wakati uliopita ni clung, si clinged. Halafu kuna lawama ndani yake. Ukiandika kwamba kiongozi clung to power, umeshamhukumu, kama vile kwetu kusema ameng'ang'ania madaraka. Kama kazi yako ni kutoa taarifa tu, andika remained in power, uache msomaji aamue.

Clench mara nyingi ni mwili kujikaza wenyewe: ngumi, meno, taya. Clasp ni mikono kufumbatana, au kifungo cha mkufu. Grasp ni kukamata kwa mkono na kwa akili pia, na hili halitakusumbua, maana hata sisi tunasema mtu ameshika somo.

Utakutana pia na cleave kwenye Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, pale Mwanzo 2:24, ambapo Biblia yetu inasema mume "ataambatana na mkewe". Usiitumie kwenye barua ya leo. Kuna cleave nyingine yenye tahajia ileile na maana yake ni kupasua.

Mimi husimama na kuigiza. Nachukua kikombe nakikaza vidole, kisha nakivutia kifuani, ndipo narudi kwenye meza na kuandika sentensi nzima daftarini, pamoja na to au at yake. Neno likiwa peke yake hupotea baada ya wiki.

Yule mama nilimrekebisha: She clutched her child to her chest. Lakini aya iliyofuata ilisema amempakata, na hapo Kiingereza hakikunipa kitenzi kimoja. Cradle inakaribia, ila inaleta mikono inayobembeleza, haileti mapaja. Nikaandika held him on her lap, na hadi leo naona kuna joto fulani limebaki kwenye Kiswahili.