Kabla hujamchoma sindano mwenye pumu ya ngozi

Anayeanza akyupancha, tiba ya Kichina ya kuchoma sindano nyembamba, hukimbilia kukariri pointi, yaani mahali pa kuchoma. Za ngozi ni chache na hazisumbui. Kazi ni kujua pa kutochoma.

Chukua pumu ya ngozi. Pointi mbili za kwanza ni Quchi na Xuehai. Kwa Quchi, mwambie mgonjwa akunje mkono, kisha ufuate mkunjo wa kiwiko hadi unapoishia upande wa nje. Xuehai iko kwenye paja, upande wa ndani, cun 2 juu ya ukingo wa juu wa pia ya goti. Cun 1 ni upana wa kidole gumba cha mgonjwa mwenyewe, si chako. Watafiti wa Munich, Ujerumani, walizijaribu hizo mbili kwa watu wazima na kuchapisha matokeo mwaka 2010: muwasho ulipungua kuliko kwa waliochomwa mahali pasipo pointi. Walipima muwasho, si kupona. Usimwahidi mgonjwa zaidi ya hapo.

Sasa shida: mkunjo wa kiwiko ndiyo makao ya pumu ya ngozi. Mara nyingi utakuta Quchi iko juu ya ngozi iliyopasuka au inayotoa majimaji. Usichome. Ngozi hiyo aghalabu imebeba bakteria aina ya stafilokokasi, na sindano huwafungulia njia ya kuingia ndani. Shuka cun 2 kuelekea kifundo cha mkono, uchome Shousanli, au tumia mkono mwingine. Anayemeza methotrexate au dawa nyingine ya kushusha kinga, uliza kwanza daktari wake. Spiriti nayo usiipake penye michubuko; ataruka kitandani kabla hujashika sindano.

Sindano ya milimita 0.25 kwa 40 inatosha, mpya kila mara, iachwe dakika 20 hivi. Ukiichomoa, kandamiza kwa pamba kavu, usisugue. Hesabu ulizochoma na ulizochomoa, kisha zote kwenye kisanduku cha usalama.

Soriasisi, ugonjwa wa ngozi wenye mabaka ya magamba, ina mtego wake. Kwa baadhi ya wagonjwa, jeraha lolote huzaa baka jipya pale pale, jambo lililoelezwa na Heinrich Koebner karne ya 19. Haliji siku hiyo. Mgonjwa ataondoka akishukuru, na baada ya siku 10 hadi 20 atarudi na magamba yaliyojipanga kwenye pointi zako. Muulize mapema: ukijikata au kujikuna, kovu hugeuka magamba? Akisema ndiyo, weka sindano kando. Nyundo ya sindano saba (ya kugongagonga ngozi) na hijama ya kuchanja ndiyo usiguse kabisa, maana zinajeruhi eneo kubwa.

Mabaka ya mzio sugu (urtikaria) yana habari ya kukatisha tamaa kidogo. Jaribio la China lililochapishwa 2023, lenye wagonjwa 330, lilionyesha sindano halisi zikishinda za uongo, ila kwa tofauti ndogo mno kuwa na maana kwa mgonjwa. Na akija midomo au ulimi umevimba, au anahema kwa shida, ni hospitali mara moja.

Kupima maendeleo, mgonjwa aandike kila usiku alama ya muwasho, 0 hadi 10. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu. Tazama zambarau au kijivu, gusa kama pana joto.

Dawa za hospitali aendelee nazo. Mwenye soriasisi akiacha ghafla steroidi za kumeza anaweza kujaa vipele vya usaha mwili mzima, na hapo anahitaji kulazwa.