Bukumbi na mama mwenye watoto

Dada, umeuliza mama yako mwenye demensia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu) umpeleke kituo gani cha wazee hapo Mwanza. Makazi ya wazee ya Bukumbi kule Misungwi hawatampokea kirahisi kama ana watoto wanaojiweza, yale makazi ya serikali ni ya wazee wasio na mtu na unapitia kwa afisa ustawi wa jamii, Sera ya Wazee ya 2003 yenyewe inasema familia kwanza, makazi ndo mwisho kabisa.

Kwa hiyo hapo Mwanza utabaki na vituo vya binafsi, na huko usidanganywe na tailisi. Mie nahudumia wazee, nenda jioni kuanzia saa kumi na moja hivi bila kupiga simu, muda huo wenye demensia wengi ndo wanahangaika wanataka "kurudi kwao", utaona wanavyojibiwa. Kaa mpaka chakula. Ukikuta mzee kawekewa sato mzima na miba yake halafu mhudumu kaenda kuchati, ondoka, maana ugonjwa ukikomaa hata kumeza kunakuwa shida. Uliza usiku wanabaki wahudumu wangapi, na geti kama liko wazi kuelekea ziwani, hawa watu wanatembea balaa.

Kubwa zaidi uliza asiyetulia wanamfanyaje, wakisema tunampa dawa alale basi shtuka, FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, walishaonya tangu 2005 kwamba dawa za kutibu wagonjwa wa akili (antipsychotics), ambazo hutumika kutuliza, zinaongeza vifo kwa wazee wenye demensia. Daktari anaweza kuziandika kwa muda ikibidi sana, ila sio mhudumu ajiamulie tu.