RNA ya moyo inatoka mbovu, ya mapafu safi

Mkuu, unasema panya wako waliokaa kwenye oksijeni ya asilimia 10 wanatoa RNA (nakala za jeni zinazofanya kazi kwenye seli) nzuri ya mapafu, ila ya moyo ni kidogo na RIN yake (alama ya ubora wa RNA, 1 hadi 10) ni 5. Usilaumu vitendanishi kwanza. Moyo ni nyama ngumu iliyojaa kolajeni na protini za misuli, ukisagwa nusunusu seli hazifunguki zote. Ugandishe kwa nitrojeni ya kimiminika mara tu unapoutoa na uusage ungali mgumu kama jiwe. Chukua miligramu 30 tu, weka mikrolita 300 za bafa ya guanidini (kemikali inayofungua seli), kisha 590 za maji yasiyo na RNezi (vimeng'enya vinavyokata RNA) na 10 za proteinesi K (kimeng'enya kinachovunja protini), nyuzi 55 kwa dakika 10. Maji usiyaruke: guanidini ikiwa kali huizima proteinesi.

Kabla ya kukata, pitisha PBS (maji ya chumvi yenye bafa) baridi kwenye ventrikali (chumba cha chini cha moyo) ya kulia hadi damu itoke na mapafu yawe meupe, la sivyo jeni za himoglobini zitakula nafasi kubwa ya usomaji wako wa RNA. Ventrikali ya kulia itenge na ya kushoto, maana hipoksia (uhaba wa oksijeni) huielemea zaidi ya kulia.

Kinachoharibu zaidi ni muda. Jeni za Fos na Egr1 hupanda ndani ya dakika 30 hata kwa mnyama kushikwashikwa tu, kwa hiyo dakika ziwe sawa kwa wote, pamoja na wale wa kulinganishia. Gapdh, jeni inayotumiwa sana kama kipimo cha kulinganishia nyingine, achana nayo, hipoksia yenyewe huipandisha. Na RNA nyingi ya mitokondria kwenye moyo ni kawaida, usitupe sampuli kwa sababu hiyo.