Nyie wa Kontena, Salimieni Kwanza

Alhamisi iliyopita nimesimama nyuma ya kijana wetu mmoja pale ofisini Chumbageni, Tanga, namwona anaandika kwenye grupu kuhusu mwenzetu wa mpakani na Kenya: "Mtu wa Horohoro hapatikani tangu asubuhi, kazi imekwama." Nikamuuliza, umempigia? "Nimemtumia meseji nne." Umempigia mkewe? Hana namba yake. Mimi ninayo. Dakika mbili tu tukajua: mtoto wao kalazwa hospitali ya Bombo tangu usiku, na simu ya baba imekufa chaji. Bombo! Kutoka hapa si ni bajaji moja tu? Mtu tunayemtangazia ofisi nzima mpaka Dar kwamba hapatikani, kakaa kwenye benchi la wodi, mji huu huu.

Sikumgombeza, kwa sababu nililolifanya mimi lilikuwa baya zaidi. Nawaandikia nyie mlioingia kazi hii ya uwakala wa forodha mwaka huu. TANSAD, ile fomu ya kutangaza mzigo forodhani, mnaitengeneza haraka kuliko sisi wakubwa, na hilo nawasifu. Lakini kazi yetu imegawanyika: mmoja bandarini, mmoja mpakani, mmoja Dar kilomita kama 350 kutoka hapa, na mteja yuko kwake anataka mzigo wake. Naomba mnisikilize.

1. Saa. Andikeni "saa 2 asubuhi" au "saa 8 mchana", basi. Ukiandika "8:00" peke yake, wa Dar ataingia kikaoni asubuhi na wa Pangani atakuja mchana, na wote wawili watakuwa sawa.

2. "Nimeona" si jibu. Sema utafanya nini na lini.

3. Mkiwa Horohoro zimeni rominga. Simu ikidaka mnara wa upande wa Lunga Lunga, Kenya, bando linakwenda na nyie mnatoweka. Wekeni na laini ya pili.

4. Msilinyamazishe grupu la ofisi. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 2016 nililinyamazisha. Asubuhi njema, picha za maua, video za mpira, nikasema hawa wananichosha, kazi zangu nazipata kwa meseji za moja kwa moja. Miezi ikapita. Jumanne moja kuna lori linatoka Mombasa, limeshaingia mpakani, na mimi nasubiri picha ya cheti cha uasilia, kinachoonyesha mzigo umetengenezwa wapi, ili mteja asitozwe ushuru ambao hadaiwi. Cheti anacho mwenzangu wa Horohoro. Miaka miwili tulikuwa tunawasiliana kila siku ya kazi, hajawahi kunichelewesha hata saa moja.

Saa 3 nikamwandikia: "Vipi hicho cheti?" Saa 5: "Kaka, mteja ananisumbua." Saa 7 na nusu, baada ya kuona tiki zimekuwa za bluu: "Naona unasoma na hunijibu." Nilipoona kimya nikaandika barua pepe kwa bosi wa Dar. Maneno yake nayakumbuka yote, maana niliyapanga vizuri: mwenzetu wa mpakani haonyeshi ushirikiano, naomba hatua zichukuliwe.

Bosi alinipigia papo hapo. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wewe hujui? Mwenzio kazika mama yake leo saa saba."

Tangazo lilikuwa kwenye grupu tangu alfajiri. Chini yake pole zaidi ya ishirini, za wote isipokuwa mimi. Ujumbe wangu wa tatu ulimfikia akitoka makaburini.

Usiku, saa 2 hivi, ikaingia picha. Cheti kimetandazwa juu ya mkeka, pembeni kinaonekana kidole gumba chake kinaizuia karatasi isipeperuke, na ukingo wa sahani. Aliondoka nacho kazini akijua nitakihitaji. Chini kaandika: "Samahani kaka kwa kuchelewa, nilikuwa na shughuli nyumbani."

Sikulala. Asubuhi nikapanda gari la Horohoro nikashuka Duga. Nikaingia msibani, nikamwona mtu mzima kakaa karibu na mlango, watu wanamshika mkono, nikainama nikampa mkono na pole zangu zote, na maneno ya kuomba radhi niliyoyapanga njiani. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, "Ahsante ndugu yangu. Lakini unayemtafuta ni kaka yangu, yule pale." Miaka miwili, wadogo zangu, na sura yake siijui. Jina la marehemu nililisikia kwa mara ya kwanza kwenye dua.

Yeye aliponiona alinikumbatia, akauliza: "Cheti kilisomeka?"

Mpaka leo sina jibu la swali hilo. Na barua ile pepe iko kwenye faili lake. Nilimwomba bosi aitoe, nikaandika nyingine ya kuifuta, lakini niliyoyaandika nimeyaandika.

5. Kila mwenza wa mbali, uwe na namba ya mtu wa pili wa kwake, na uijue sura yake. Zamani hili lilijifanya lenyewe. Meli zilitia nanga nje, mzigo unaletwa na matishari, sisi tunashinda getini siku nzima tunasubiri, na katika kusubiri mnajuana mpaka majina ya watoto. Leo gati lina kina cha mita 13, meli inafunga hapo hapo, kazi inakimbia. Nafurahi inavyokimbia. Lakini ile nafasi ya kukaa pamoja imeondoka, na hakuna atakayeturudishia tusipoitenga wenyewe. Mimi kila Jumatatu saa 2 na robo nampigia wa Horohoro na wa Dar, dakika tano, na kontena silitaji mpaka nimemaliza habari za nyumbani. Na mara moja kwa miezi mitatu napanda gari naenda. Nauli natoa mfukoni.

6. Nyaraka zikae kwenye folda ya wote, kwa namba ya TANSAD, zisibaki kwenye simu ya mtu mmoja. Cheti kile kingekuwa huko, yasingetokea.

7. Habari mbaya itoeni mapema, kwa kupiga simu.

Na wewe kijana wangu wa Alhamisi, najua unasoma. Rilisi, yaani ruhusa ya kutoa mzigo, ilitoka saa 10, lori limeondoka, yule baba umemwandikia "ahsante mkuu" na kidole gumba. Simu yake inapatikana tangu saa 9. Mtoto yuko wodini bado, anaitwa kwa jina la bibi yake, na wewe hujauliza anaendeleaje.